Mikono Nyuma

Menrad alijua sheria. Mkono wake ndio haukujua, na mkono huo ndio uliomponza.

Alikuwa ametoka Songea na wajomba zake wawili kuja Upareni kujitambulisha kwa wakwe. Suti imepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, na sentensi ya salamu ameikariri njia nzima. Uani kwa Mzee Senkoro walikuwa wamejaa majirani, na miongoni mwao alikuwepo Namkunda, kwa sababu shughuli yoyote yenye wazee ilitakiwa iwe na Mwangalizi wa Uzee Wima. Kijijini walimwita Bibi Mikono. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mikono ya vijana haigusi mzee wala mzigo wa mzee.

Mzee Senkoro mwenyewe alichelewa. Alitokea bondeni peke yake, mkungu wa ndizi begani, miaka tisini na kitu, akipanda ule mteremko bila hata kuhema. Wajukuu waliokuwa uani wakafanya kama Namkunda alivyowafundisha tangu shule ya chekechea: wakasimama wima, wakapeleka mikono nyuma ya mgongo, wakainamisha vichwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa adabu mpya, na watoto waliozaliwa ndani ya Sera ya Uzee Wima hawakujua nyingine. Lakini Menrad alilelewa na bibi mmoja mkaidi wa Ungoni aliyeikataa Sera mpaka anaingia kaburini. Bibi huyo alimpiga makofi kila alipoacha mtu mzima apite na mzigo. Sasa baba mkwe wake anakuja na mkungu, na yeye amekaa kwenye kiti cha kitambaa! Aliruka kabla hajawaza.

"Shikamoo baba, lete nikupokee."

Na mkungu ukawa tayari begani kwake, juu ya suti.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Mzee Senkoro alisimama pale alipo, bega limebaki wazi, akamtazama kijana yule, akatabasamu. Namkunda aliliona lile tabasamu, na mpaka leo angetoa chochote asiwe ameliona. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeheshimiwa nyumbani kwake. Kisha magoti yakamwachia, kiuno kikafuata, akaanguka kwenye ngazi za saruji vibaya sana.

"Nimefanya nini?" Menrad akauliza. Bado ameshika ndizi.

"Umempokea," Namkunda akamjibu.

* * *

Kasebele, Mratibu wa Sera, alifika mchana huohuo na wavunaji wake wawili wenye glovu za bluu. Hakumsalimia mke wa mzee. Alipiga goti kando ya Mzee Senkoro, ambaye alikuwa hai bado, macho na ulimi tu, akampapasa shingoni, mgongoni, nyuma ya mapaja.

"Umechanika!" akafoka. "Umechanika vipande vitatu! Foleni yote ile inasubiri, na huyu mpumbavu ananivunjia uzi kwenye ngazi!"

Uzi wenyewe mtu akiuona kwenye chupa angedhani ni utando wa buibui uliolowa. Uliingizwa kisogoni, nao ukajitambaza wenyewe kufuata mifupa mpaka kwenye visigino, ukajifunga kwenye kila msuli. Chakula chake kilikuwa jitihada. Mzee akijaribu kunyanyua ndoo, uzi ulionja lile jaribio, ukashiba, ukaongeza nguvu ya kwake, na ndoo ikapanda kichwani. Usipofanyishwa kazi ulinyauka. Kwa hiyo kila alfajiri uliwasukuma wazee kitandani, wakitaka wasitake, ukawatoa nje wakatafute cha kubeba. Serikali ilikuwa imeona nchi nyingine zikielemewa na wazee wa kulishwa na kugeuzwa vitandani, ikaapa kwamba hapa haitatokea. Na haikutokea.

Matoleo ya kwanza yalikuwa na kasoro moja ambayo watu walikatazwa kuizungumza. Mtu alikufa, na uzi ukaendelea kumtembeza. Kuna mama mmoja alikata majani ya ng'ombe tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali, na aliyegundua kwamba ni maiti ni nzi. Wataalamu wakausuka upya, wakaufundisha dalili ya kifo: uzito ukitoweka ghafla wakati mwili haujaamua kuutua, basi mwenye mwili hayupo, achia. Mzee akiweka mzigo chini mwenyewe, misuli inalegea kwa mpangilio na uzi unaelewa. Akipokelewa, uzi unadhani amekufa. Ukishaachia haushiki tena mwili ule, na mwili uliobebwa na uzi miaka thelathini hauna chake cha kusimamia.

Kwa hiyo kumpokea mzee mzigo kukawa kuua. Kumshika mkono kwenye utelezi, kuua. Kumkumbatia msibani akaegemea kidogo tu, kuua. Sera iliandika ukutani, kwa herufi nene, shuleni na zahanati na kwenye kuta za choo cha soko: MSAADA NI SUMU.

Mzee Senkoro alikufa siku ya pili yake. Menrad alihukumiwa kifungo ambacho mchumba hakuwa tayari kukingoja. Namkunda alitoa ushahidi, tena ushahidi mzuri, na alipotoka mahakamani Kasebele akamsindikiza mpaka kwenye geti.

"Unachechemea, mama."

"Magoti. Baridi ya milimani."

"Foleni haiendi. Unajua uzi mpya hausukwi tena, ile mbegu yake iliwafia maabara. Tunazungusha huuhuu uliopo." Akasimama, akamtazama magoti bila aibu. "Lakini wewe una bahati. Uzi hurithiwa nyumbani kwanza, kabla ya foleni. Wa mama yako utakuwa wako."

"Mama yangu yupo hai."

"Ndiyo maana nimesema *utakuwa*."

Namkunda alitaka kukasirika. Ukweli ni kwamba kabla hasira haijafika, kitu kingine kilifika mbele yake. Kwa pumzi moja aliwaza magoti yake yakipanda mlima bila maumivu, akafurahi. Halafu ndipo akakumbuka kwamba njia ya furaha ile inapita juu ya mama yake. Aliona aibu njia nzima ya kurudi nyumbani, na magoti hayakuacha kuuma kwa ajili ya aibu.

* * *

Bibi Naelijwa, mama yake, alikuwa anatoka kisimani wakati Namkunda anakamua ng'ombe. Miaka tisini na minane, ndoo kichwani imejaa pomoni, hata tone halimwagiki. Aliitua mwenyewe, akafunika, akasimama mlangoni pa zizi.

"Wanasema Senkoro alitabasamu."

"Nani kakwambia?"

"Wanasema. Alitabasamu, hakutabasamu?"

Namkunda akaendelea kukamua. "Alitabasamu, mama."

"Basi na mimi nataka."

"Mama, usiongee hivyo."

"Nimeongeaje? Nimetukana?" Bibi Naelijwa akavuta kigoda, lakini hakukaa. Uzi ulikuwa bado haujashiba asubuhi hiyo, na usiposhiba haukumruhusu kukaa; alikwenda na kurudi pale mlangoni huku anaongea. "Unaniona? Mbuzi wa mnadani anatembezwa hivi, lakini yeye jioni anachinjwa, anapumzika. Mimi nimeamshwa giza halijaisha. Nimekata majani ambayo ng'ombe hawayahitaji. Nimechota maji, pipa limejaa tangu juzi. Kesho nitayamwaga nichote mengine. Mama yangu mimi alipofika umri wangu alikaa jikoni karibu na moto, anatukana kila anayepita. Tukamletea uji, akautukana na uji. Alikuwa mzee yule! Mimi ni nani? Mimi ni punda wa Serikali."

"Una afya, mama. Una akili zako. Wenzako wa nchi nyingine wanaoza vitandani."

"Nimesoma ukutani, usinisomee tena." Akasimama kwa nguvu, miguu ikimtetemeka kwa kutaka kwenda. "Mara ya mwisho kunigusa ilikuwa lini?"

Namkunda alikumbuka. Ilikuwa siku ya kuwekewa uzi, alimfunga mama yake kanga mgongoni baada ya sindano. Tangu hapo, hapana. Baba yake alipozikwa, mama alilia akiwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, na watu wote wa ukoo wamemzunguka kwa mbali, mikono nyuma. Namkunda ndiye aliyewapanga. Aliwapanga vizuri, hakuna aliyesogea.

"Mtu anazaa ili apokelewe mzigo," Bibi Naelijwa akasema. "Vinginevyo ningefuga paka."

"Uzi utakuja kwangu, mama. Unajua hilo? Nikikupokea, uzi wako unaingia mwilini mwangu. Watu watasema Namkunda amemuua mama yake kwa ajili ya magoti."

"Waseme. Na wewe utasemaje?"

Ng'ombe akapiga teke ndoo, maziwa yakamwagika. Namkunda alishukuru sana kupata kitu cha kuinamia.

"Nimekuuliza. Wewe utasemaje?"

"Sijui, mama."

"Basi chunguza upesi," mama yake akasema, na uzi ukamtoa mlangoni, ukampeleka tena kwenye mteremko wa majani.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida. Wenye kuku walileta kuku, wenye mahindi mabichi walileta mahindi, na mzee wa kanisa akapanda juu ya benchi kunadi huku akiwatania wanaobania. Watu wanacheka, jua la milimani limetulia. Ndipo Bibi Naelijwa akatokea getini na mkungu wa ndizi ambao wanaume wawili wangeubeba kwa mti.

Mikono yote ikaenda nyuma.

Hakuupeleka kwenye meza ya mnada. Alipita katikati ya watu mpaka aliposimama Namkunda na Nashesha, mjukuu wake Namkunda aliyekuwa chuoni mwaka wa kwanza. Akautoa mkungu kichwani, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Namkunda. Nipokee."

Kwa sheria ya zamani, mtoto anayeacha mzigo mikononi mwa mama yake mbele za watu amemkana. Kwa sheria mpya, anayeupokea amemuua. Kila mtu mzima pale uwanjani alizijua sheria zote mbili, na hakuna aliyetaka kuwa Namkunda.

"Weka chini, mama," akasema. "Nakuomba, weka chini mwenyewe."

"Sikuiletea ardhi. Nimekuletea wewe."

"Bibi mkubwa, utachoka," Nashesha akasema kwa upole, mikono nyuma.

"Sichoki, mjukuu wangu. Hilo ndilo tatizo."

Na kweli hakuchoka. Mikono ilitetemeka, uzi ukaonja lile tetemeko, ukaongeza nguvu, mikono ikatulia. Ikatetemeka tena, ikatulia tena. Mchungaji alikuja akaomba sala ndefu, na yeye mikono nyuma, kisha akakumbuka ana ubatizo mahali. Mnadi alijaribu kutia mzaha, mzaha ukamfia mdomoni. Watu wakaanza kuondoka wawili wawili bila kuagana, kuku wao kwapani, na mwisho walibaki wanawake watatu kwenye uwanja mkubwa. Mkungu ulikuwa palepale.

Namkunda alisema na moyo wake. Alitaka kupata sehemu moja ndani yake iliyo safi, inayotaka kumpokea mama kwa sababu ni mama, ili aitumie hiyo peke yake. Aliipata. Lakini magoti yalikuwa yanauma kwa kusimama, na kila alipoigusa ile sehemu safi, alikuta magoti yamekaa pembeni yake yanasubiri. Hakuweza kuvitenganisha. Akamtazama mama yake usoni, na usoni kwa mama hapakuwa na mtego wala lawama. Palikuwa na uchovu ambao hakuna aliyeuruhusu kufika mwilini.

Akatoa mikono.

"Bibi, usifanye hivyo," Nashesha akasema, sauti imepanda. "Bibi! Wewe ndiye ulinifundisha!"

"Lete nikupokee, mama."

Mkungu ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliutupa kando, akamdaka mama yake kabla magoti hayajakunjika, akamshusha taratibu, taratibu sana, kichwa kisiguse jiwe, mgongo usijipinde. Bibi Naelijwa alikuwa mwepesi. Alipakatwa na mwanawe chini kwenye vumbi, akamshika shavu kwa vidole ambavyo nguvu ilikuwa inavitoka.

"Kumbe bado unajua," akasema.

Namkunda alilia kwa sauti. Huku analia, alihisi mkono wake mwenyewe umeinyoosha shingo ya mama vizuri, kwa uangalifu wa mtu anayejua uzi unapopita, na unapochanikia.

* * *

"Kazi safi," Kasebele alisema siku ya kuvuna uzi wa marehemu, akiinua chupa juani. "Mzima kabisa! Sijawahi kuona unatoka hivi."

"Nilimpokea kwa makusudi," Namkunda akamwambia. "Mbele ya usharika mzima. Nifunge."

"Tumewauliza. Hakuna aliyeona kitu." Akaitikisa chupa kidogo. "Uzi ukitoka mzima, mama, hiyo ni ajali. Ukichanika ndiyo inakuwa kesi."

Namkunda akamfikiria Menrad na suti yake. Akafungua mdomo amtetee, na Kasebele akawa anamngoja kwa adabu, chupa mkononi, aone kama atasema. Hakusema. Na tusimsingizie kwamba alilazimishwa: alivua kanga mwenyewe, akainamisha kisogo. Wiki iliyofuata alipanda mlima bila fimbo, akalia kwa raha, na akajichukia kwa kulia.

Miaka ilipita mingi, na yote aliipita amesimama. Uzi ulimwamsha giza halijaisha. Alikata majani ambayo ng'ombe hawakuyahitaji, akamwaga maji ili achote mengine. Kazi ya Uangalizi aliichukua Nashesha, na aliifanya vizuri kuliko yeyote aliyemtangulia, kwa sababu aliifanya kwa upendo. Kile alichokiona siku ya mnada wa sadaka kilimwingia mpaka kwenye mifupa, akaapa kwamba hatamwacha bibi yake afe vile. Watoto wake Nashesha, na watoto wa watoto hao, hawakuwahi hata kusikia neno kupokea likitumika kwa mzigo.

Asubuhi moja, akiwa na umri aliokuwa nao mama yake, Namkunda alirudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi. Ukoo ulikuwa umekusanyika uani kwa kipaimara cha kitukuu. Vijana wote wakasimama wima, mikono nyuma, vichwa chini, wazuri, wenye heshima, kama alivyowafundisha waliowafundisha. Akawapita mmoja mmoja akitafuta mkono wowote uliosahau. Hakuuona. Alisimama mbele ya Nashesha, akautoa mkungu kichwani, akaunyoosha.

"Nashesha. Nipokee."

Nashesha machozi yalimtiririka, lakini hakuinua mkono kuyafuta. Alivifunga vidole nyuma ya mgongo kwa nguvu mpaka mabega yakasimama.

"Siwezi, bibi. Nakupenda."

Mikono ya Namkunda ikatetemeka, uzi ukaonja, ikatulia.

"Weka chini mwenyewe, bibi yangu," Nashesha akabembeleza. "Utachoka."

"Sichoki," Namkunda akasema, na ulikuwa ukweli.